Pua ya Emmy

Sue aliweka kopo juu ya meza, akalifungua, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Nusa," akasema.

Cheptanui aliinama juu ya biskuti zake mwenyewe, alizozioka juzi kwa ajili ya harusi ambayo Sue alikuwa akiisimamia. Akavuta pumzi ndefu. Akainua kichwa.

"Ziko na shida gani?"

"Mama Emmy, please. Usinichezee. Nusa tena."

Akanusa tena. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. Emmy, binti yake wa kidato cha pili, alikuwa kwenye kona ya meza na vitabu vyake. Hakuhitaji hata kusogea.

"Ni mafuta ya taa, Mum."

"Hata mtoto anajua!" Sue akasema. "Bibi harusi ametema kwa serviette, na wakwe wako hapo mbele. Mzee mmoja anauliza kama hizi biskuti zimetoka petrol station. Watu wote wakacheka. Mimi pia nikacheka. Ningefanya nini?"

Cheptanui aliomba msamaha. Akaomba mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, akisema atapika nyingine bure. Sue alimwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Alikuwa amempangia Cheptanui kazi kwa mwaka mzima, akimsifu kwa wateja wake kutoka Milimani mpaka Lanet. Aliondoka akaliacha kopo mezani, wazi.

Chanzo chenyewe kilipatikana upesi. Dumu la mafuta ya stovu lilikuwa likivuja taratibu kwenye kabati, kando ya siagi, na siagi hunyonya kila harufu inayolala karibu nayo. Mtu yeyote aliyefungua kabati lile angejua. Cheptanui alikuwa amelifungua mara kumi kwa siku.

"Mum," Emmy akauliza, "hukuskia kweli?"

Cheptanui alikaa. Alianza kukunja kitambaa cha jikoni, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama bahasha.

"Tangu ile homa ya mwaka jana," akasema. "Sisikii harufu ya kitu. Kahawa, sabuni, mvua. Hakuna. Nilidhani itarudi."

"Baba anajua?"

"Hapana. Na usimwambie."

Emmy hakuuliza kwa nini. Kimaiyo, baba yake, alifanya kazi kwenye visima vya mvuke huko Olkaria na alikuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Ile oveni ya gesi alikuwa ameinunua yeye, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama, akaibeba mpaka kwenye ploti yao ya Shabab akiwa ameishikilia kwa mikono miwili juu ya pickup kama mgonjwa. Kila alipokuwa akirudi kazini alibeba kopo moja la biskuti, na wenzake walikuwa wakimwita Bwana Biskuti. Cheptanui hakuweza kuwaza akimwambia mtu huyo kwamba mkewe mwokaji hana pua. Angelifunga jiko. Au, mbaya zaidi, angemsikitikia.

"Basi mimi nitakunusia," Emmy akasema.

Alisema kwa mzaha, na wote wawili wakacheka.

&nbsp;

Jirani yao Jannat hakuambiwa. Alijua mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Bondeni, wa ukoo uliotoka pwani zamani, na mikate yake ya Ramadhani watu waliifuata kutoka mtaa wa tatu.

"Nilijua siku ile ulipokaa jikoni kwangu wali unaungua," alimwambia Cheptanui, "nawe unaendelea na hadithi tu. Nikasema, huyu ama ana mawazo, ama hana pua."

Cheptanui akaanza kulia. Jannat alimwacha alie kidogo, kisha akamletea kiti na bakuli.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Kwani biskuti inaokwa kwa pua peke yake? Una macho, una masikio, una vidole. Ulikuwa unapika kwa kukisia, na pua ikikufunikia makosa. Sasa utapika sawasawa."

Akamfundisha upya, kama anayemfundisha msichana. Unga upimwe kwa mizani, si kwa kikombe, kwa sababu kikombe cha leo si kikombe cha kesho. Siagi na sukari zipigwe mpaka zigeuke rangi na kuwa nyepesi. Siagi ya kuyeyusha isikilizwe: inapochemka hupiga kelele, inatokota na kurukaruka; ikinyamaza ghafla, maji yamekwisha, na hapo ndipo inapoanza kuwa kahawia. Donge la unga lisiokwe siku hiyo hiyo. Lilale kwenye baridi mpaka asubuhi, ili biskuti isitambae kwenye trei kama uji. Na zitolewe wakati kingo zimeshika lakini katikati bado kunabonyea.

"Hazijaiva hizo," Cheptanui alibisha.

"Zitaiva juu ya trei. Joto lake linatosha. Wewe una haraka ya nini?"

Kwa sababu Cheptanui hakuwa na friji, donge lililala kwa Jannat, ng'ambo ya uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Wiki ya kwanza aliunguza trei tatu. Wiki ya pili moja. Mwezi wa pili akatoa biskuti ambazo hakuwahi kuzitoa alipokuwa na pua: zimepasuka juu kama udongo wa kiangazi, kingo zinavunjika kwa sauti, katikati laini, na chembe chache za chumvi juu zinazoamsha sukari. Alimpelekea Sue sita ndani ya karatasi. Sue alikula moja akiwa amesimama, akachukua ya pili, halafu akauliza kama anaweza kupata mia mbili za sherehe ya mahafali ya mwezi wa saba.

Lakini hofu ya kopo lile haikuondoka. Cheptanui alijifunza kuoka bila pua. Hakujifunza kuamini bila pua. Siagi ingeweza kuwa imeharibika. Yai lingeweza kuwa viza. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni, Emmy alizunguka jikoni.

"Siagi?"

"Sawa."

"Unga?"

"Sawa."

"Hii trei?"

"Mum, trei ni trei."

"Nusa tu."

Mwanzoni ulikuwa mchezo. Baadaye ikawa kazi, na kazi ikaota mizizi. Emmy aliacha kwaya ya Jumamosi. Likizo ya Aprili hakwenda kwa shangazi yake Molo. Siku moja akiwa kwa birthday ya rafiki yake, simu ikalia mbele ya wasichana wote: arudi, kuna mayai yamekuja. "Mayai?" mmoja akauliza. "Kwani nyinyi hufuga mayai?" Emmy alicheka nao mpaka getini, kisha akatembea nyumbani akiwa ameuma meno.

&nbsp;

Barua ilikuja mwezi wa sita. Mwalimu wa kemia, Madam Njoki, alimwita Cheptanui shuleni na kumpa mkononi, ikiwa imefungwa. Shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Olenguruone ilikuwa na nafasi ya mwanafunzi mzuri wa sayansi, na wafadhili wangelipa kila kitu. Kilichotakiwa ni sahihi ya mzazi ndani ya wiki mbili.

"Sijamwambia Emmy bado," Madam Njoki alisema akitabasamu. "Mwambie wewe. Utaona uso wake."

Cheptanui aliisoma barabarani, akaisoma tena jikoni. Alifurahi, hilo lisemwe. Alisimama katikati ya jiko na barua kifuani, na machozi yakamtoka kwa furaha. Kisha macho yake yakaangukia kreti ya mayai, na furaha ikapoa. Akaiweka barua kwenye droo ya vikopo vya vanila, chini ya karatasi. Nitaitia sahihi kesho, alijiambia. Aliamini hivyo. Kesho yake aliamini tena. Jumapili Kimaiyo alikuwa nyumbani, akala, akalala, akacheka na binti yake kuhusu mpira, na droo haikufunguliwa.

Siku za barua zilipokwisha, Cheptanui alijisikia kama mtu aliyeponea ajali. Hisia hiyo ilimwogopesha, naye hakuitazama tena.

Jumapili iliyofuata, Emmy alisimama katikati ya jikoni akainua kidevu.

"Gesi inanuka."

"Sana?"

"Kidogo. Hapo nyuma."

Cheptanui alipaka povu la sabuni kwenye bomba la mpira la mtungi, kama alivyomwona mwuza gesi akifanya. Povu moja likavimba, dogo kama punje ya mtama. Mwuza gesi mwenyewe alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja, "Mathe, huu mpira umezeeka, badilisha." Akakaza kibano chake kwa bisibisi. Povu halikuvimba tena. Angebadilisha mpira baada ya oda ya mahafali. Sasa hakuwa na nafasi ya kukaa hata siku moja bila oveni.

"Bado inanuka?"

Emmy akanusa. "Sasa hapana."

"Ungekuwa hauko, si ningelipuka?" Cheptanui akasema, akamkumbatia. Emmy alisimama ndani ya mikono ya mama yake bila kuinua yake.

&nbsp;

Jumatano jioni Emmy alirudi kutoka shule akasimama mlangoni na begi begani. Hakuliweka chini.

"Ulipata barua?"

Cheptanui alikuwa akipima unga. "Barua gani?"

"Mum."

Mizani ilionyesha namba. Cheptanui aliendelea kuitazama ingawa unga ulikuwa umetosha.

"Madam Njoki ameniita leo ati kunipa pole," Emmy akasema. "Nafasi imepewa msichana wa Njoro. Anasema alikungoja wewe. Anasema labda tuko na shida kwa nyumba. Mbele ya staffroom yote, Mum. Mimi nasimama tu hapo, sijui hata naambiwa pole ya nini."

"Nilitaka niongee na baba yako kwanza."

"Baba alikuwa hapa. Amekuja na akaenda."

"Emmy, skiza. Ukienda huko, mimi nitafanya aje?"

Neno hilo lilitoka kabla hajaliona, na likishatoka hakukuwa na namna ya kulirudisha. Emmy aliliacha begi likaanguka.

"Kwa hivyo mimi ni pua."

"Usiseme hivyo."

"Si ndio? Mtoto akikosa shule, sawa, bora mayai yawe poa. Mimi ni pua tu kwa hii nyumba. Basi tafuta ingine."

Jioni hiyo hakunusa kitu. Cheptanui aliandaa donge la mahafali peke yake, akalipeleka kwa Jannat likalale. Jannat aliona macho yake, akauliza. "Ni vitunguu," Cheptanui akajibu. Jannat akatazama bakuli la siagi na sukari, akalifunika.

&nbsp;

Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa ya baridi ile ya Julai inayoshuka Nakuru kutoka milimani. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa kwa sababu ya upepo na vumbi. Cheptanui aliamka mapema, akavuka uwanja kwenda kwa Jannat kuchukua donge, akakalishwa kwa chai.

Emmy alivaa, akachukua begi, akapita mlango wa jikoni. Akasimama.

Haikuwa ile harufu kidogo ya Jumapili. Ilikuwa nzito, ya kukaba, imejaa chumba mpaka sakafuni. Valvu ya mtungi ilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama. Dirisha lilikuwa hatua tano.

Hakuwaza moto. Hilo alilirudia baadaye mara nyingi na lilikuwa kweli. Aliwaza sauti ya mama yake. Aliwaza mama yake akigundua mwenyewe kwa sabuni yake, akiogopa, akiita "Emmy! Emmy!" katika nyumba isiyo na Emmy, angalau asubuhi moja. Ajue mwenyewe, akasema moyoni. Akauvuta mlango wa jikoni, akaufunga vizuri, akatoka.

Alipopita kwa Jannat alimsikia mama yake akiuliza ndani, "Huyo ni Emmy ameenda?" Hakuitikia.

Alitembea haraka. Akapita maduka yaliyokuwa yakifunguliwa, akapita kanisa la mabati, akafika karibu na daraja la reli. Wanafunzi wenzake walimwita. Aliinua mkono. Kando ya daraja mwanamke mmoja wa mandazi alikuwa amechutama mbele ya stovu, amekinga upepo kwa bega, na Emmy alimwona akitoa kiberiti mfukoni, akikitikisa sikioni kusikia kama kina njiti.

Begi lilibaki hapo hapo barabarani. Mwanamke wa mandazi alisimulia baadaye kwamba alidhani msichana yule ameona nyoka.

&nbsp;

Cheptanui aliingia jikoni na bakuli mikononi, akausukuma mlango nyuma yake kwa kisigino. Donge lilikuwa gumu na baridi, zuri kabisa. Alilikata kwa mizani, gramu zile zile kila moja, akaviringisha, akapanga kwenye trei kumi na mbili kumi na mbili. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Alidhani ni kilio cha jana. Akiwa anapanga alikata shauri. Saa nne atakwenda shuleni kwa Madam Njoki, asimame mbele ya hiyo staffroom yote, aseme kosa ni lake. Jumapili atamwambia Kimaiyo. Akanyunyiza chumvi juu ya biskuti, akaona zimependeza, na kwa mara ya kwanza tangu jana kifua kikalegea.

Akapiga magoti mbele ya oveni. Njiti ya kwanza ilikuwa na unyevu, ikavunjika. Akatoa ya pili.

"Mum! Usiwashe! Mum!"

Sauti ilitoka getini. Cheptanui aligeuza uso kuelekea mlango. Mkono wake ulikuwa umeshakwaruza.

Haukuwa mlipuko kama watu wanavyodhani. Ulikuwa kama mtu aliyekung'uta blanketi kubwa mara moja, na chumba kikawa cheupe. Kioo cha dirisha kikaruka uani na kutua kati ya nguo zilizoanikwa. Emmy aliusukuma mlango kwa bega akamkuta mama yake amekaa sakafuni, ameunyoosha mkono wa kulia mbele yake kama si wake, mkono unawaka. Akamfunika kwa sweta lake akiwa bado amelivaa, akamlalia. Jannat alikuja na ndoo, kisha ndoo nyingine. Akafunga valvu kwa kitambaa kilicholowa. Jirani mwenye pickup alikuwa ameshaiwasha.

Trei za biskuti zilibaki mezani. Zilizokuwa karibu na oveni zilikuwa zimeiva upande mmoja.

&nbsp;

Daktari alisema ataishi. Uso ulipona kwa kuwa ulikuwa umegeuka. Sikio na shingo zitabaki na kovu. Mkono wa kulia umeungua mpaka juu ya kiwiko, na kuhusu vidole hakutaka kuahidi.

Kimaiyo alifika mchana, na buti za kazi, na kifaa kidogo cha kazini kinacholia gesi ikizidi bado kimebanwa kifuani. Hakukumbuka kukitoa. Alimtazama mkewe katika bendeji, akamtazama binti yake aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sielewi," akasema. "Jikoni imejaa gesi hivyo, na hukunusa?"

Cheptanui alifumba macho.

"Sinusi, baba Emmy. Tangu ile homa. Sinusi kitu chochote."

Kimaiyo alitafuta kiti, akakaa.

"Mwaka mzima?"

"Niliogopa utafunga jiko."

"Kazini," Kimaiyo akasema polepole, "mtu akipoteza pua, tunamtoa kwa kisima siku hiyo hiyo. Hatumfukuzi. Hatumcheki. Tunampa hii," akagusa kifaa kifuani, "na kazi nyingine. Ninazo mbili kwa locker, mama. Ungeniambia tu. Ningekuletea moja."

Cheptanui alilia bila sauti. Kimaiyo akamfuta machozi kwa kidole gumba, kwa uangalifu, upande ule mzima. Wodi ilikuwa na kelele za vikombe. Mtu wa kitanda cha pili alikuwa akiomba maji. Baada ya muda Kimaiyo akamgeukia Emmy.

"Lakini Mungu ni mkubwa. Wewe ulikuwa umeshaenda shule. Ulirudia nini?"

"Sweta," Cheptanui akasema haraka. Akaunyoosha mkono wa kushoto, akaushika wa Emmy na kuubana kwa nguvu. "Alikuwa amesahau sweta."

Emmy alikuwa nalo mwilini, mikono ya sweta imeungua, mabaki ya sufi yameshikana na shati. Mama yake alikuwa akimtazama kwa macho yanayosihi. Kulikuwa na njia hapo, na ilikuwa wazi, na angeweza kuipita bila mtu yeyote kumzuia. Baba yake angeamini. Tayari alikuwa ameamini.

"Sikusahau sweta, Baba," akasema.

"Emmy," mama yake akanong'ona.

"Nilinusa nikitoka. Ilikuwa inanuka sana. Nikafunga mlango, nikaenda."

Alieleza yote, pamoja na barua, kwa sauti moja kama anayesoma. Mkono wa mama yake haukumwachilia. Alipomaliza, Kimaiyo aliangalia buti zake.

"Ulifika wapi ndio ukarudi?"

"Kwa daraja la reli."

Kimaiyo aliipita njia hiyo akilini: geti, maduka, kanisa la mabati, daraja. Alikuwa amempeleka shule kwa njia hiyo akiwa mdogo, amembeba mabegani.

"Ni mbali," akasema.

Emmy alisubiri aseme lingine, ajue kama ni mbali kwenda au ni mbali kurudi. Lakini muuguzi alikuwa amefika na toroli ya kubadilisha bendeji, akivuta pazia, akiwaambia watu wa familia wasubiri nje.